Baba Bado Anaamini

Aikande alipotimiza miaka kumi na miwili, afisa wa kata alifika kwao Marangu na kipimo cha imani, kama sheria ilivyotaka kila Desemba. Alimbandika waya kwenye paji la uso, akamuuliza kama Baba Krismasi yupo.

"Hayupo," alisema Aikande. Afisa akasoma kioo cha kipimo, akampongeza kwa kukua.

Mama naye alijibu hivyo hivyo, akapita. Baba, Mwalimu Ndelilio, aliyefundisha fizikia miaka ishirini, alisema kwa sauti nzito, "Hayupo, bila shaka." Afisa alitazama kioo, akakifuta kwa shati, akampima tena. Kisha akawaita mama na binti jikoni.

"Mzee bado anaamini," alinong'ona. "Na sheria mnaijua, anayeamini haambiwi ukweli."

Alipoondoka, Aikande aliuliza, "Mama, ulikuwa unajua?"

"Tangu mwaka tuliooana. Kwani zile soksi zake za kila Krismasi unadhani zinatoka wapi?"

Mwaka huo Aikande ndiye aliyezifunga. Asubuhi ya Krismasi baba yake alizikuta chini ya mti, akatazama dari, kisha akamgeukia. "Nani ameleta hizi?"

"Sijui, Baba. Nimeamka nikazikuta hapo."

Mwalimu alizivaa papo hapo, uso umechangamka. Mama alimpa binti yake chai bila kupepesa macho. Aikande akaipokea, akaanza kujiuliza ni mambo gani mengine ambayo yeye mwenyewe ameambiwa kwa utulivu uleule.