Ubao Msafi

"Na nikimaliza kufundisha, nabonyeza wapi?" Mzee Nassibu aliuliza, kidole kikimtetemeka mbele ya ubao wa kidijitali.

"Hapa pekundu, mwalimu. Panaitwa Futa," Hyasinta alimjibu kwa sauti ya asali. "Si unajua, mwalimu mstaarabu haachi ubao mchafu."

"Hilo hata bila kompyuta nalijua, mwanangu. Mungu akubariki."

Hyasinta alitabasamu. Alichomficha ni kwamba ubao huu si wa chaki. Ukibonyeza Futa, somo lote lililo kwenye kioo linapotea, hata kama lilishahifadhiwa, halirudi hata ulie. Na jioni hiyo wasahihishaji wangeyafungua masomo humo humo ubaoni, waamue nani kati yake na mzee abaki kufundisha Biolojia hapa chuoni. Mwingine afungashe.

Walimu wenzake walimsifu sana. Wiki nzima ya mafunzo alikuwa amemshika mzee mkono, wakati wengine wanashuka Kariakoo kula chipsi. Huruma alikuwa nayo, kidogo. Lakini ukicheka na nyani utavuna mabua, na yeye hakutoka Songea kuja kuvuna mabua.

Yeye ndiye aliyetangulia kufundisha. Seli yake iligawanyika ubaoni kwa rangi, kiini kikawa viwili, ukumbi ukapiga makofi hadi kelele za wapagazi huko barabarani zikamezwa. Akabonyeza Hifadhi. Hakulifunga somo, aliliacha pale juu watu washibe macho, akaenda kukaa mstari wa mbele. Alitaka kumwona mzee vizuri akifika mwisho.

"Mzee Nassibu, zamu yako," msimamizi aliita.

Mzee akavaa miwani, akasimama mbele ya ile seli ya Hyasinta. Aliikagua juu mpaka chini, akaguna kama baba aliyekuta vyombo havijaoshwa. Kisha akainua kidole, na safari hii hakikutetemeka.

Ubao ukamuuliza kama ana uhakika. Akabonyeza Ndiyo.

Kioo kikabaki cheupe.

"Ulisahau kufuta, mwanangu," alimwambia Hyasinta kwa upole. "Usijali, nimekufutia."