Namba Nyekundu

Bi Zawena alirudi kutoka kisimani akakuta ukuta wake umepigwa alama nyekundu yenye namba. Mwaka ule walipopanua barabara, kila nyumba yenye alama kama hiyo ilibomolewa. Akachukua gunzi na mchanga, akasugua mpaka udongo ukabanduka.

"Umeifuta?" jirani yake Chausiku akashangaa. "Hao ni watu wa umeme wa serikali, shoga. Kila nyumba na namba yake. Isiyo na namba haivutiwi waya."

Bi Zawena akaokota kipande cha tofali jekundu ili aiandike upya. Ilikuwa arobaini na ngapi? Lori la nguzo lilikuwa limeshasimama, na mtu mwenye karatasi alikuwa akija, akisoma kuta moja baada ya nyingine. Mkono wake ukaganda ukutani, tofali likimomonyoka vidoleni.