Dawa ya Mchanga

Siku hizi Kisegeju, lugha yetu, kinaruhusiwa kwenye michezo ya watoto tu. Wakubwa waliona lugha inayochezwa haifi, basi sisi mabibi tukafanywa wanasesere. Sikulalamika, kukaa mkekani nakuweza.

Jana, katikati ya mchezo, kifua kilinibana kwelikweli. Nikamwambia mjukuu wangu Mwanakombo, kwa Kisegeju, "Mke mwenzangu, kifua chaniuma, nakufa."

Akacheka. "Bibi, leo umecheza vizuri!" Akanikorogea mchanga kwenye kifuu cha nazi. "Haya, mgonjwa, kunywa dawa. Na usiteme!"

Ningesema kwa Kiswahili, angejua ni kweli, akamkimbilia mama yake. Lakini mchezo ungekwisha, na tulikuwa bado na dakika kumi za kuongea Kisegeju kabla muda wa ruhusa haujaisha.

Nikafungua kinywa kupokea dawa.