Mvua ya Kopo

Mvua ya Bi Shamsa ilitoka kwenye kopo la rangi. Yeye, fundi taa wa ukumbi, alilitoboatoboa kwa msumari, akatia taa ndani, na kila alipolizungusha, matone ya mwanga yalishuka taratibu jukwaani. Mchezo ulitaka manyunyu kidogo tu, kisha jua.

Lakini nje ya ukumbi huu ulikuwa mwaka wa pili mvua haijanyesha, na watu walipoyaona matone yale, wakayanyooshea mikono. Katika mji ule, mtoto mchanga hutolewa nje ili mvua yake ya kwanza imguse utosini. Asipoguswa, husemwa bado ni mgeni. Mama mmoja akainuka mstari wa mbele, akapanda jukwaani na mwanawe, akamvua kofia.

"Washa jua, Bi Shamsa!" mwongozaji, Bwana Kheri, akanong'ona kutoka nyuma ya pazia. "Mchezo unaharibika. Hiyo si mvua, ni taa!"

Bi Shamsa alikuwa ameshaishika swichi ya jua. Mjukuu wake, aliyezaliwa katika ukame huu, naye bado alikuwa mgeni.

"Najua ni taa, mwanangu," akasema. "Ngoja kidogo. Huyu hajalowa."

Akaiachia swichi. Kopo lilikuwa la moto sana kwa ile taa. Akauzungushia mkono upindo wa leso, akaendelea kulizungusha polepole. Waigizaji wakasogea kando. Akina mama wengine walikuwa wanapanda ngazi, watoto mabegani.

Mtoto wa kwanza akafumba macho, akatoa ulimi kuonja.