Giga Thelathini na Sita

"Iue programu yako sasa hivi, dada, au nitaiua mwenyewe."

Msimamizi aliyasema hayo mbele ya wapokea simu wote kumi na wawili. Fundi wa seva hakuinua macho. Tangu aajiriwe katika kituo hiki cha simu za dharura, miezi sita sasa, hakukumbuka siku ambayo yule mtu alimsemesha bila kumfokea.

"Imekula kumbukumbu yote ya mashine," msimamizi aliendelea. "Nakala arobaini, kila moja mega mia tisa. Giga thelathini na sita! Nimejumlisha mwenyewe."

"Na mashine ina ngapi, bosi?"

"Thelathini na mbili."

"Sasa hizo nne za ziada umezitoa mfukoni?"

Mtu mmoja alicheka kwa pua. Msimamizi akavimba.

"Nakala zote za programu yangu ya kupitisha simu zinasoma ramani moja ya mji," fundi alisema taratibu, kama anayemfundisha mtoto mtukutu. "Linux, mfumo unaoendesha mashine hii, inamhesabia kila msomaji ramani nzima. Nyumba yenye watoto arobaini, kila mmoja atakwambia kwao kuna sebule. Utasema ina sebule arobaini?"

Akaandika amri nyingine, ile inayogawanya kinachotumiwa kwa pamoja. Programu yake ilitoka na giga mbili na nusu.

"Basi anayekula ni nani?"

Fundi aliipanga orodha upya, kwa kile ambacho kila mchakato, yaani kila programu inayoendeshwa, unakishika peke yake. Juu kabisa ulikaa mmoja asioujua. Giga ishirini na nne, na bado unanenepa. Aliyeuwasha wiki tatu zilizopita: msimamizi.



"Usiuguse huo." Sauti ya msimamizi ilikuwa imeshuka ghafla.

"Kumbe! Wiki tatu unanichafulia jina, kumbe mlafi ni wewe."

"Njoo ofisini nikueleze."

"Utamweleza mkurugenzi."

"Dada, nimekwambia mara ngapi uiandike upya programu yako? Hutaki kusikia. Nilitaka..."

Fundi alibonyeza. Mchakato ukafa, na mstari wa kumbukumbu kwenye skrini ukaporomoka kama jiwe. Moyo wake ulijaa raha aliyokuwa hajaionja tangu aanze kazi. Mpokea simu mmoja alimpigia makofi.

Aliyeketi kando yake aligonga kisikizi chake kwa kidole. "Haloo? Haloo, mama? Amekatika. Ndiyo kwanza alikuwa anataja mtaa."

"Na wangu pia."

"Na huku!"

Msimamizi alikuwa tayari ameinamia mashine yake, anajaribu kuuwasha upya mchakato wake, hamtazami mtu. Fundi alilifungua faili ambalo ule mchakato ulikuwa ukiliandika hadi ulipouawa, akashuka hadi mstari wa mwisho.

"Simu zilizodondoshwa na programu ya dada leo: arobaini na moja. Zilizodakwa na kurudishwa: arobaini na moja."