Alama Iliyopinda

Msimamizi aliinua karatasi ya kura ambayo alama yake ilikuwa imepinda hadi ikagusa mstari wa kisanduku. "Mawakala, mnasemaje? Imeharibika?"

Seremala, wakala wa chama kikongwe, alivaa miwani. Kando yake alikaa bintiye, mgombea udiwani wa chama kichanga kilichozaliwa saluni kwake. Tangu hapo walikuwa hawasemezani.

Aliitazama ile alama. Mkono unaotetemeka hivyo aliujua vizuri. Ndio uliommiminia chai asubuhi ile. Kumbe mkewe kamchagua mtoto!

"Ni nzima," akasema. "Mhesabieni mwanangu."

Binti aligeuka kumtazama. Baba alikuwa amevua miwani, anaifuta na kuifuta kwa pindo la shati, na haikuwa na vumbi.