Wanga Mwekundu wa Noeli

Jirani yangu Emerance alinieleza haya mwenyewe, Noeli ya mwaka tisini na saba.

Alipikia watoto wake wanga wa muhogo, akautia rangi nyekundu, wauvutevute kama mpira, wacheze sikukuu. Yatima waliyerudi naye kutoka Kongo, aliyenyimwa chakula tangu jana kwa kuvunja sahani, akainamia sufuria.

"Maman, tunakula?"

"Ni ya kucheza, weye mulafi!"

Watoto wakacheka. Yatima akaramba kidole.

Emerance akamwaga sabuni ya unga kwenye wanga ili usilike, konzi nzima, akakoroga.

"Haya, mucheze sasa."

Yatima aliuvuta wanga taratibu, ukarefuka katikati ya vidole vyake, kisha akaumeza wote. Povu la waridi likamtoka puani.

"Mumuache. Atajifunza," Emerance akawaambia watoto wake.

Yatima alilala wa kwanza, akiwa ameshika tumbo. Emerance akasugua sufuria, akasali, akalala.